Tau haishikilii mikrotubuli tu: jinsi inavyobeba Fyn na enzaimu zingine za ishara ndani ya neva

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa baiolojia, nalinukuu kwa ufupi: "Kitabu chetu kinasema tau ni protini inayoshikilia mikrotubuli kwenye neva, basi. Ila mwalimu anayesimamia semina yangu anasema tau inashikana na Fyn na enzaimu zingine za kutuma ishara, na eti hiyo ndo inaeleza kwanini panya wasio na tau hawadhuriki sana na beta-amiloidi. Sielewi protini ya kushikilia umbo la seli inaingiaje kwenye mambo ya ishara, alafu nani anamtawala mwenzake, enzaimu au tau?"

Mwalimu wako yuko sahihi, na kitabu chako hakijadanganya, kimeishia njiani tu. Kwa anayeanza: Fyn ni kinasi, yaani enzaimu inayobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na beta-amiloidi ni vipande vya protini vinavyorundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Ngoja tuanzie pale kilipoishia.

Tau iligunduliwa 1975 pale Princeton kwenye maabara ya Marc Kirschner. Walikuwa wanatafuta ni kitu gani kinaifanya protini ya tubulini ijipange ikawa mikrotubuli (mirija midogo inayoshikilia umbo la seli), wakakuta kuna protini fulani ambayo ukiitoa tubulini inakaa tu haijipangi. Kwahiyo toka siku ya kwanza tau ikaandikishwa kama fundi ujenzi, na sifa hiyo imeing'ang'ania mpaka leo. Miaka kama kumi baadae ndo ikajulikana kuwa zile nyuzi zilizosokotana ndani ya neva za wagonjwa wa Alzheimer zimetengenezwa na hiyohiyo tau, tena ikiwa imejaa fosfeti kupita kiasi, yaani tau ya kawaida ina fosfeti 2 au 3 kwa kila molekuli lakini ile ya mgonjwa inazo mara 3 hadi 4 zaidi. Hapo watu wengi wakapata picha moja iliyokaa vichwani vyao: kuna kinasi, zinaibandika tau fosfeti, tau inabanduka kutoka kwenye mikrotubuli, inajikusanya, neva inakufa. Kwenye picha hiyo enzaimu ndo inatenda na tau inatendwa. Hujaielewa semina yako kwasababu bado unaangalia picha hiyo.

Sasa umbo lake. Jeni ya tau inaitwa MAPT, iko kwenye kromosomu ya 17, na kwenye ubongo wa mtu mzima inatoa aina 6 za tau, fupi kuliko zote ina asidi amino 352 na ndefu kabisa ina 441. Namba zote za sehemu nitakazotaja humu ni za hiyo ndefu ya 441, hata kwenye makala za kisayansi ndo desturi, ukikuta mtu anaandika threonini 231 (yaani asidi amino aina ya threonini iliyo nafasi ya 231) anahesabu kwa hiyo. Upande wa nyuma kuna marudio 3 au 4 (inategemea aina) yanayoshika mikrotubuli. Upande wa mbele kuna mkono mrefu ambao haushiki mikrotubuli kabisa, unachomoza nje na kuning'inia kwenye maji ya seli. Katikati ya huo mkono na yale marudio kuna eneo lililojaa prolini. Alafu protini nzima haina mkunjo wa kudumu kama protini nyingi ulizozisoma, inajipindapinda muda wote, na protini ya namna hiyo inaweza kushikana na wenzake wengi kwasababu haijajifunga kwenye umbo moja.

Kuna vitu viwili vya zamani ambavyo vilitakiwa vitustue mapema. Cha kwanza, 1994 walitengenezwa panya wasio na tau kabisa, wakazaliwa, wakakua, wakazaana, na mikrotubuli zao kwa sehemu kubwa ziko sawa isipokuwa kwenye aksoni (mkia mrefu wa neva unaopeleka ishara) nyembamba, maana kuna protini za jamii hiyo zinazoweza kuziba pengo. Kama kazi pekee ya tau ingekuwa kushikilia mikrotubuli hao panya wasingetembea. Cha pili kimekuja kupimwa 2014 ndani ya neva hai: molekuli moja ya tau inakaa kwenye mikrotubuli kama milisekunde 40 tu, inaachia, inaruka kwenda nyingine. Kwahiyo hata kwenye hiyo kazi yake rasmi haigandi mahali, inagusa na kuachia, inagusa na kuachia. Muda mwingi ina nafasi ya kukutana na wengine. Ifikirie kama nguzo ya nyumba iliyopigiliwa misumari, ni kweli inashika paa, lakini kuna vitu vingi vimetundikwa kwenye hiyo misumari na ukiing'oa nguzo navyo vinaanguka.

Misumari yenyewe ndo lile eneo la prolini. Humo kuna mpangilio unaojirudia mara 7, prolini, alafu asidi amino mbili zozote, alafu prolini tena, wataalamu wanauandika PXXP. Ukiona PXXP kwenye protini yoyote ile uliza hapohapo nani ana SH3, kwasababu SH3 ni kipande kidogo kinachopatikana kwenye enzaimu nyingi za ishara na chakula chake hasa ni PXXP. Src inacho, Fyn inacho, fosfolipesi C gama (PLC-gama) inacho, na ile sehemu ya PI3-kinasi inayoitwa p85 inacho pia. Yaani tau imebeba ndoano 7 za enzaimu za ishara, alafu sisi tulikuwa tunaifundisha kama gundi ya mikrotubuli.

1998 kundi la Gloria Lee lilionesha kwamba tau kweli inashikana na Fyn na ndugu zake wa jamii ya Src kupitia SH3. 2004 wakaenda mbele wakaonesha kwamba Fyn inaibandika tau fosfeti kwenye tairosini ya 18, na tau yenye fosfeti hapo 18 inakutwa kwenye zile nyuzi za Alzheimer. Hii ya 18 iangalie kwa makini. Tau ndefu ina sehemu 85 zinazoweza kubandikwa fosfeti, serini 45, threonini 35, na tairosini 5 tu, ambazo ni 18, 29, 197, 310 na 394. Karibu utafiti wote wa miaka ya nyuma ulikuwa kwenye serini na threonini. Tairosini ni lugha nyingine kabisa ndani ya seli, ndo lugha ya vipokezi vya ukuaji na kinasi za kwenye utando, kwahiyo tau kubandikwa fosfeti kwenye tairosini maana yake imekaa jirani na mazungumzo ya kwenye utando, mbali na huko ndani mikrotubuli zilipo.

Hapa lazima uielewe Fyn yenyewe kidogo, la sivyo utabaki unakariri mishale. Fyn ina mkia wa mbele wenye mafuta unaoinasisha kwenye utando wa seli, kisha SH3, kisha SH2, kisha kipande kinachofanya kazi ya kinasi. Ikiwa imelala, mwisho wake wa nyuma kuna tairosini yenye fosfeti (iliyobandikwa na enzaimu inaitwa Csk) na SH2 ya Fyn yenyewe inaukamata huo mwisho, wakati SH3 nayo imelalia kiungo cha katikati, yaani enzaimu imejikumbatia na mdomo umefungwa. Sasa akija mtu mwenye PXXP nzuri akaivuta SH3, lile kumbatio linalegea na kinasi inaweza kuamka. Ndo maana tau sio mzigo tu kwa Fyn. Maabara hiyohiyo ya Lee ilionesha kuwa tau ikiwepo kazi ya kinasi za jamii ya Src inapanda, na seli zenye tau zinaitikia tofauti zikipewa vichocheo vya ukuaji kuliko seli zisizo nayo. Alafu kuna kamchezo kazuri baada ya hapo, Fyn ikishaibandika tau fosfeti, SH2 ya Fyn nayo inapata kitu cha kushika maana SH2 inapenda tairosini zenye fosfeti. Kwahiyo wanaanza kushikana kwa SH3, kisha mshiko wa pili unazaliwa kutokana na ule wa kwanza.

Ni PXXP ipi hasa kati ya zile 7? Kazi za mwanzo zilielekeza kwenye ile ya 233 hadi 236, za baadae zikaja kusema ya tano na ya sita, yaani prolini za 213, 216 na 219, ndo zina uzito zaidi kwa Fyn. Usishangae, mimi kwa mtazamo wangu sioni kama kuna anayebishana na mwenzake kihivyo, protini isiyo na mkunjo wa kudumu inaweza kushikwa sehemu zaidi ya moja na jibu linabadilika kutokana na kipande cha tau ulichotumia na kama umepima kwenye bomba au ndani ya seli. La muhimu kwako ni hili: angalia kilichoko katikati ya hizo prolini. Threonini ya 217 iko ndani kabisa ya PXXP ya 216 hadi 219. Serini ya 235 iko ndani ya ile ya 233 hadi 236, na threonini ya 231 iko mlangoni pake. Hizi ndo sehemu zilezile ambazo GSK3-beta, Cdk5 na wenzao wanabandika fosfeti! Na imeshapimwa kuwa tau yenye fosfeti nyingi kwenye serini na threonini inashikana vibaya na SH3 nyingi, za Src, Fyn, PLC-gama na p85. Kwahiyo kinasi za serini na threonini zinashika swichi inayoamua kama kinasi ya tairosini itakaa kwenye tau au haitakaa. Hapo ndo unaona ishara moja inaandikwa kwenye tau na ishara nyingine inaisoma.

Na wale wanaopima fosfeti ya 217 kwenye damu kwa ajili ya kutambua Alzheimer mapema, kipimo ambacho sasa kinatumika kweli hospitalini sehemu mbalimbali duniani, wanapima fosfeti iliyokaa katikati ya ndoano ya SH3. Simaanishi kwamba kipimo kinafanya kazi kwasababu ya Fyn, hapana, ila usiione 217 kama namba iliyodondoka kutoka hewani.

Haya twende kwenye panya, maana ndo ulipokwama.

2007 kundi la Lennart Mucke pale Gladstone, San Francisco, lilichukua panya waliotengenezwa watoe beta-amiloidi nyingi ya binadamu, panya hawa huwa wanasahau na wanapata mishtuko ya kifafa. Wakawapunguzia tau, wengine nusu, wengine yote. Amiloidi haikupungua, madoa yalibaki vilevile kwenye ubongo, lakini panya wakakumbuka vizuri zaidi kwenye majaribio ya kutafuta njia ndani ya maji na wakavumilia dawa za kuamsha kifafa. Fikiria uzito wake: sumu ipo palepale lakini haiumi kama zamani. Maana yake sumu inahitaji tau ili iume, na kwa hao panya hapakuwa na zile nyuzi zilizosokotana za tau, kwahiyo hata hadithi ya kwamba nyuzi ndo zinaua haitoshi kueleza.

2010 ndo kundi la Lars Ittner na Jürgen Götz huko Sydney likaja na maelezo yanayokuhusu. Tau nyingi inakaa kwenye aksoni, hilo unalijua, ila kuna kidogo inayokaa kwenye dendraiti (matawi ya neva yanayopokea ishara), na hiyo kidogo ndo inayofikisha Fyn kwenye sinapsi, yaani pale neva mbili zinapokutana, upande wa kupokea. Ikishafika pale Fyn inakibandika fosfeti kipokezi cha NMDA (mlango wa kalsiamu unaofunguliwa na glutameti, kemikali inayosisimua neva), kwenye kipande chake cha NR2B, tairosini ya 1472. Fosfeti hiyo inakifanya kipokezi kishikane imara zaidi na PSD-95, protini inayopanga vitu chini ya utando wa sinapsi, na kupitia PSD-95 milango ya kalsiamu inaungana na mashine za ndani zinazoleta madhara kalsiamu ikizidi. Amiloidi inapokuja kusumbua glutameti na hiyo mashine imeshaungwa tayari, neva inaungua kwa kusisimuliwa kupita kiasi. Toa tau: Fyn haifiki vya kutosha kwenye dendraiti, fosfeti ya 1472 inapungua, NMDA na PSD-95 wanalegezana, na moto unapungua.

Walifanya kitu kingine kizuri sana ambacho ningekushauri ukiweke kwenye slaidi yako ya kwanza. Walikuwa na panya wenye tau iliyokatwa, imebaki na mkono wa mbele wenye ndoano za prolini lakini haina marudio ya kushika mikrotubuli. Tau hii inashikana na Fyn vizuri tu, ila haiingii kwenye dendraiti, inabaki kwenye mwili wa seli na Fyn inabaki nayo huko. Panya hao nao walipata kinga kama ya wale wasio na tau kabisa. Yaani Fyn ipo, tau yenye ndoano ipo, wameshikana, ila wako mahali pasipo na sinapsi, na hilo peke yake likatosha kuleta nafuu. Walipotumia pia kipande kidogo cha protini kinachotenganisha NMDA na PSD-95, panya wenye amiloidi waliishi zaidi na kumbukumbu ikawa nzuri zaidi. Kwangu mimi hiyo tau iliyokatwa ndo ushahidi wenye nguvu kuliko yote kwenye mada yako, kwasababu inatenganisha kushikana na kufikishana, na inaonesha kinachodhuru ni kufikishana.

Sasa ukishaelewa hivyo usije ukasimama mbele za watu ukasema fosfeti kwenye tau ni mbaya. 2016 kundi la Ittner lilionesha kuwa kuna kinasi inaitwa p38-gama, inakaa kwenye sinapsi, na yenyewe inaibandika tau fosfeti kwenye threonini ya 205, na fosfeti hiyo inavunja lile kundi la tau, Fyn, NMDA na PSD-95. Panya walioondolewa p38-gama hali ilikuwa mbaya zaidi kwa amiloidi, walioongezewa kazi yake walipata nafuu. Hiyo ni fosfeti inayokinga! Kwahiyo swali la kuuliza kila ukiona alama ya fosfeti kwenye tau ni iko sehemu gani, imewekwa na nani, imetenganisha nini na imeunganisha nini. Sentensi ya "tau imejaa fosfeti kwahiyo ni mbaya" haikupeleki popote, na inanisikitisha kuiona bado kwenye slaidi za watu wazima.

Kuna kingine cha 2019, walifuatilia molekuli moja moja za Fyn kwa hadubini ndani ya vichomozi vya dendraiti. Fyn kawaida inatembea na kusimama, inajikusanya kwenye vikundi vidogo sana kisha inaachana. Walipoweka tau yenye mabadiliko ya P301L (prolini ya 301 imebadilika kuwa leusini), ambayo inajulikana toka 1998 kuwa inarithiwa kwenye familia zenye dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo, Fyn ikagandishwa zaidi kwenye vile vikundi, haitoki. Zamani, 2005, ilishaonekana pia kwenye bomba kuwa P301L inaongeza mshikano wa tau na Fyn, na kwamba tau yenye marudio 3 inashikana na Fyn kwa nguvu kuliko yenye 4. Na uhusiano unarudi nyuma pia: 2017 ilioneshwa kuwa Fyn ikiamshwa na amiloidi inasukuma njia ya ishara inayoitwa ERK na kufanya tau mpya itengenezwe hapohapo kwenye dendraiti, yaani tau inaileta Fyn na Fyn inasababisha tau iongezeke palepale. Ukiwa na duara kama hilo swali la nani alianza linakosa maana haraka sana.

Enzaimu zingine nitazipitia kwa mwendo, ila moja nitasimama.

PLC-gama inashikana na tau kwa SH3 kama nilivyosema, na 1996 ilionekana kuwa tau pamoja na asidi ya arakidoniki (aina ya asidi ya mafuta) inaiamsha PLC-gama bila hata PLC-gama kubandikwa fosfeti kwenye tairosini, ambayo ndo njia yake ya kawaida ya kuamka. PLC-gama ikiamka inakata fosfolipidi ya utando, inatoka molekuli ya ishara iitwayo IP3, kalsiamu inamwagika kutoka kwenye ghala la ndani. PP2A ndo inayobandua fosfeti nyingi za tau, kwenye ubongo wa binadamu inakadiriwa kufanya kama asilimia 70 ya kazi hiyo, na inashikana na tau moja kwa moja. Sehemu mojawapo inapogusa ni jirani na 231 na 235, karibu na Fyn inapoweza kukaa, kwahiyo kunaweza kuwa na kugombania nafasi. GSK3-beta na Cdk5 unazijua, zilianza kujulikana kwenye utafiti wa tau kwa majina ya kinasi ya tau namba moja na namba mbili. Tau na Fyn wanakutana pia kwenye seli zinazotengeneza mayelini (ganda la mafuta linalofunika aksoni), huko wanasaidia matawi ya seli kurefuka, na hakuna ugonjwa wowote hapo, ni kazi halali ya kila siku.

Nasimama kwenye PP1. Mwanzo kabisa wa tau, asidi amino ya 2 hadi ya 18, kuna kipande kinachoamsha PP1, ambayo ni fosfatasi, yaani enzaimu inayobandua fosfeti. Kawaida kipande hicho kimefichwa kwasababu mkono wa mbele wa tau unajikunja kurudi nyuma. Tau ikikaa vibaya au ikijisuka kuwa nyuzi kipande kinabaki wazi, PP1 inaamka, inabandua fosfeti ya serini ya 9 kwenye GSK3-beta, na fosfeti hiyo ndo iliyokuwa inaizuia GSK3-beta, kwahiyo GSK3-beta inaamka nayo, inabandika fosfeti kwenye kinesini, na kinesini inaachia mizigo iliyokuwa inaibeba kwenda mwisho wa aksoni. Haya yalifanyiwa kazi kwenye utomvu wa aksoni kubwa ya ngisi, unaoweza kuukamua na kuangalia vitu vikitembea moja kwa moja. Unaona mpangilio ulivyogeuka? Siku zote tunaambiwa GSK3-beta inaiharibu tau, hapa tau ndo inaiamsha GSK3-beta. Tena tairosini ya 18, ileile ya Fyn, iko mwishoni mwa kipande hicho, na fosfeti ikikaa hapo uwezo wa kuamsha hiyo njia unazimwa. Kwahiyo Fyn kwenye sinapsi inaweza kuwa inadhuru wakati fosfeti yake hiyohiyo kwenye aksoni inakinga usafirishaji. Mimi nikifika hapa huwa naheshimu sana hii protini.

Kwahiyo nani anamtawala mwenzake. Jibu langu, na naomba uliseme hivi bila kuogopa: enzaimu zinaamua tau ina alama gani, na tau inaamua enzaimu ziko wapi, zimeamka kiasi gani na zinakaa pale kwa muda gani. Hakuna bosi. Ukilazimisha kumtaja mmoja utakuwa umechagua nusu ya majaribio na kuyaacha mengine.

Mwalimu atakuuliza kuhusu dawa, jiandae. Kuna saracatinib, ilianza kutengenezwa kwa ajili ya saratani, inazuia kinasi za jamii ya Src ikiwemo Fyn. Kwenye panya wa Alzheimer 2015 ilirudisha kumbukumbu na sinapsi, watu wakafurahi kweli. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 159 kwa wiki 52, matokeo yakatoka 2019, na matumizi ya sukari kwenye ubongo hayakutofautiana na ya waliopewa dawa bandia, huku shida za tumbo kama kuhara zikiwa nyingi zaidi. Mimi siisomi kama ushahidi kwamba uhusiano wa tau na Fyn ni uongo. Fyn ina kazi nzuri kwenye sinapsi za kawaida, inahitajika hata kwenye kujifunza, kwahiyo kuizima yote kila mahali ni tofauti sana na kuizuia isifikishwe sehemu moja, na ile tau iliyokatwa ya 2010 ilishatuambia kwamba shida ni mahali. Tena wagonjwa walikuwa wameshaanza kuumwa, ambapo panya wengi hutibiwa mapema. Njia nyingine inayofuatwa ni kupunguza tau yenyewe kwa vipande vya kuzuia ujumbe wa jeni, jaribio lililotoka 2023 lilionesha tau kwenye maji ya uti wa mgongo inaweza kushuka kwa zaidi ya nusu kwa dozi kubwa. Hii inafuata mantiki ya panya wa 2007 moja kwa moja, unaondoa mbebaji badala ya kupigana na kila enzaimu anayoibeba.

Mwisho, kuhusu namna ya kusoma makala zako. Ukikuta jaribio limefanywa kwa kuvuta tau kutoka kwenye seli iliyosagwa na Fyn ikatoka nayo, hilo linakwambia zinaweza kushikana, haliwezi kukwambia kama zilikuwa zimeshikana kabla seli haijasagwa, maana ukisaga unachanganya vitu vilivyokuwa vyumba tofauti. Angalia kama wametumia tau nzima au kipande, ya marudio 3 au 4, na kama wameijaza seli tau kupita kiasi, kwasababu tau ikizidi inaingia kwenye dendraiti hata pale ambapo isingeingia. Angalia pia panya ana tau ya binadamu, ya panya, au zote mbili, kwani panya mzima karibu tau yake yote ni ya marudio 4 wakati ya kwetu ni mchanganyiko wa 3 na 4 karibu nusu kwa nusu, na kwa vile tumeona 3 na 4 hazishikani na Fyn sawasawa, hiyo tofauti inagusa hitimisho lako moja kwa moja. Na kwenye mchoro wako wa semina weka mishale inayokwenda pande zote mbili kati ya tau na Fyn, kati ya tau na GSK3-beta, na kila mshale uuandikie ni aksoni au ni dendraiti.